Maumivu ya Kifundo cha Mkono kwa Anayejifunza Piano

*Swali: Mtu mzima aliyeanza kujifunza piano hivi karibuni, na anayerudia mazoezi ya vidole ya Hanon kila jioni, huumwa kifundo cha mkono wa kulia anapoongeza kasi. Je, avumilie mpaka mkono uzoee? (Msomaji, Mombasa)*

Jibu: Asivumilie, kwa kuwa maumivu si hatua ya lazima ya kujifunza, na kwa kawaida hutulia yakishughulikiwa mapema. Misuli mingi inayosogeza vidole imo kwenye kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvivuta vidole kwa kano, ambazo ni nyuzi imara zinazopita kifundoni. Kwa hiyo kifundo kikikunjwa au kupindwa upande, kano husuguana na ala zinazozifunika, na kasi huzidisha msuguano huo.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye kiti. Kikiwa chini mno, kifundo huning'inia chini ya vibonye, hivyo kiti kiinuliwe mpaka kigasha kiwe sambamba navyo. Aidha, mkono ulegezwe mara noti inapolia, kwani kuendelea kukandamiza kibonye hakuongezi sauti hata kidogo. Mazoezi ya Hanon, yaliyochapishwa mwaka 1873 na kusisitiza kuinua vidole juu, yanaweza kungoja. Hata mtunzi wa muziki Robert Schumann, aliyetumia kifaa cha kuimarisha vidole, aliacha ndoto ya kuwa mpiga piano kwa sababu ya matatizo ya mkono wake wa kulia.

Mkono upumzishwe siku chache, kisha mazoezi yarudi polepole kwa vipindi vifupi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa. Ganzi hiyo, uvimbe, au maumivu yanayozidi wiki mbili, yamfikishe mwanafunzi kwa daktari.