Mwongozo wa Kuhifadhi Picha za Kazi kwa JPEG XR Kisiwani Rukuba

Mwongozo huu ni kwa wanaotunza kumbukumbu za picha kisiwani Rukuba, Ziwa Victoria: viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), maafisa uvuvi, watendaji na wapiga picha wenye kamera.

Jua la mchana mwaloni ni kali. Dagaa walioanikwa wanang'aa, huku ubavu wa mtumbwi uliogeuzia jua mgongo umezama kivulini. JPEG ya kawaida, iliyopitishwa mwaka 1992, kwa kamera nyingi huipa kila rangi ngazi 256 tu za mwanga. Ukiongeza mwanga baadaye ili usome namba ya usajili iliyo kivulini, hutokea mabaka na kingo za tarakimu huvurugika. Kwa shauri la umiliki wa chombo, hasara hiyo si ndogo.

JPEG XR iliundwa kuziba pengo hilo. Ilitokana na HD Photo ya Microsoft, ikakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2009. Huweza kubeba biti 16 kwa kila rangi, yaani ngazi 65,536, na hata thamani za desimali kwa mwanga unaopishana sana, kama taa za wavuvi wa dagaa usiku. Huweza kubana picha bila kupoteza chochote, au kwa kupunguza ubora kidogo ili faili liwe jepesi. Pia huruhusu kufungua kipande kimoja cha picha kubwa bila kusoma faili zima.

Zingatia sana hili: kugeuza JPEG ya simu kuwa JPEG XR hakurudishi mwanga uliokwisha kupotea. Piga picha ghafi (RAW) kwa kamera, kisha igeuze kwenye kompyuta ukichagua ubanaji usiopoteza kitu. Mwenye simu inayotoa JPEG pekee asihangaike. Aweke ubora wa juu kabisa na atunze nakala halisi.

Simu nyingi na vivinjari vingi havifungui faili la .jxr, ingawa Windows hulisoma. Kwa hiyo ripoti iende na nakala ya JPEG. Kwa WhatsApp, itume kama hati, kwa kuwa ikitumwa kama picha itabanwa tena.

Weka nakala moja kisiwani na nyingine Musoma mjini. Kabla ya kufuta memori kadi, fungua kila nakala na uikuze mpaka usome namba ya mtumbwi.