Mzazi Anapogunduliwa na Saratani ya Utumbo Mpana: Mambo ya Familia Kupanga Mapema

Saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa saratani tano zinazogunduliwa zaidi nchini Kenya. Kote duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 kulikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 na vifo zaidi ya 930,000. Wengi wanaougua wamevuka miaka 50. Hao ni watu wenye watoto wazima na pengine wajukuu. Kwa hiyo daktari anapomwambia mgonjwa aje na mtu wa nyumbani, mgonjwa mara nyingi ni mzazi, na huyo mtu wa nyumbani ni mtoto wake.

Somo la afya la toleo hili linamhusu huyo mtoto, awe anaishi Likoni, Jomvu au Kisauni, au awe yuko kazini Nairobi au Doha na habari imemfikia kwa simu usiku.

Ugonjwa wenyewe

Utumbo mpana ndiyo sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, na huishia kwenye njia ya haja kubwa. Saratani ya hapo kwa kawaida huanza kama kijinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo. Kijinyama hicho huweza kukaa miaka mingi bila maumivu kabla ya kugeuka. Dalili zinazojulikana ni damu kwenye choo, kubadilika kwa mwenendo wa choo kwa wiki kadhaa (kufunga au kuhara), maumivu ya tumbo yasiyoisha, kupungua uzito bila sababu, na uchovu unaotokana na upungufu wa damu.

Tatizo ni kuwa dalili hizi zina majina mengine mitaani. Damu huitwa bawasiri, na kufunga choo husemwa ni uzee. Mzee wa miaka 60 hawezi kwa urahisi kumwelezea binti yake habari za choo, wala binti hathubutu kumuuliza baba. Heshima hiyo ni njema, lakini huchelewesha wengi kufika hospitalini.

Kuthibitisha ugonjwa huhitaji kipimo kiitwacho kolonoskopi. Kamera ndogo huingizwa kwenye utumbo, na kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara. Baadaye picha za skani huonyesha kama ugonjwa umesambaa. Madaktari hutaja hatua nne. Katika hatua ya kwanza, mara nyingi upasuaji pekee hutosha. Katika hatua ya nne ugonjwa umefika viungo vingine, hasa ini au mapafu. Hatua ya nne ni nzito, lakini wapo wanaotibiwa wakaishi miaka kadhaa, na familia inayosikia maneno hayo isianze kupanga mazishi jioni hiyohiyo.

Aambiwe nani?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Watoto hupata majibu kabla ya mzazi, kisha hukubaliana kimya kimya: “Mama asiambiwe, atakufa kwa mshtuko.” Kuanzia hapo kila mtu ana la kuficha. Mama anaambiwa ni vidonda vya tumbo, huku akipelekwa kwenye kliniki ambayo kila aliyeketi kwenye benchi anazungumzia saratani. Wazazi wengi hutambua mapema kuliko watoto wanavyodhani, nao hunyamaza ili kuwalinda watoto. Matokeo yake ni nyumba ya watu wanaopendana ambao hawawezi kuzungumza.

Sheria iko wazi kuhusu jambo hili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, vipimo na matibabu yaliyopo, pamoja na manufaa, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Nafasi ya kumficha ni finyu: pawe na ushahidi wa kutosha kuwa kumweleza kutamdhuru. Mgonjwa pia ana haki ya kukataa tiba. Mtu ambaye hajui anaugua nini hawezi kutumia haki hiyo, wala hawezi kupanga mambo ya shamba, madeni au mahari ya kitinda mimba wake akiwa bado na nguvu.

Kumwambia ukweli si lazima kuwe kumwambia kila kitu kwa pumzi moja. Mzazi aulizwe kwanza: “Baba, ungependa daktari akueleze yote, au amweleze kaka nawe usikilize?” Wengine watasema waelezwe kila kitu. Wengine watamteua mtoto mmoja. Majibu yote mawili ni sawa, mradi yametoka kwake. Wapo pia wanaotaka imamu, mchungaji au mzee wa ukoo awepo, na daktari anaweza kuruhusu hilo mgonjwa akiridhia.

Siku ya kumwona daktari

Mtu aliyetoka kusikia neno saratani husahau karibu kila kinachosemwa baadaye. Ndiyo maana inafaa waende wawili, mmoja wa kumkalia mzazi karibu na mwingine wa kuandika. Daftari la shilingi 50 linatosha. Ndani yake ziandikwe tarehe, jina la dawa na kipimo kilichoagizwa, na maswali yanayojitokeza usiku ambayo asubuhi hayakumbukwi.

Maswali ya maana ni machache. Ugonjwa uko hatua gani? Lengo la tiba ni kuponya au kupunguza makali na kurefusha maisha? Tiba itaanza lini, na itachukua miezi mingapi? Je, atahitaji mfuko wa choo, na utakuwa wa muda au wa kudumu? Nani apigiwe simu hali ikibadilika wikendi?

Kwa wakazi wa Mombasa na kaunti jirani, hospitali kuu ya umma ya rufaa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado huiita Makadara. Hapo pana kituo cha saratani. Anayetoka ng’ambo ya Likoni apange safari akifikiria kivuko. Msongamano wa asubuhi ni mzito kwa mtu mzima wa afya, sembuse mzee aliyefanyiwa upasuaji juzi. Faili yenye nakala za vipimo vyote, kitambulisho na picha za skani isikose mkobani, kwa sababu kurudia kipimo kilichopotea ni gharama na ni wiki kadhaa za kungoja.

Nyumbani baada ya matibabu

Baadhi ya wagonjwa hurudi nyumbani na stoma. Hii ni sehemu ya utumbo iliyotolewa nje ya tumbo kwa upasuaji, na choo hupitia hapo na kuingia mfukoni. Hakuna jambo linaloumiza heshima ya mzazi kama hili. Baba aliyekuwa akiongoza baraza anakataa kutoka nje kwa kuhofia harufu. Mama anaacha kwenda harusini. Muuguzi anaweza kumfundisha mgonjwa mwenyewe kubadilisha mfuko na kulinda ngozi inayouzunguka, na inafaa mtoto mmoja ajifunze pamoja naye akiwa bado wodini, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wenye stoma huoga, husafiri na hufanya kazi. Kuhusu ibada, Mwislamu mwenye mfuko amuulize imamu wake hukumu za mwenye udhuru, kwa sababu swali la udhu huwasumbua wengi ambao huona haya kuuliza.

Dawa za kemotherapi, zinazotiwa mshipani au kumezwa, huja na mambo yake. Mojawapo ya zile zinazotumiwa sana kwa saratani hii ni oksaliplatini. Dawa hiyo humfanya mgonjwa aumizwe na baridi: akishika chuma cha friji vidole huchoma, na akinywa maji ya barafu koo huhisi kama linajifunga. Kwa joto la Mombasa, upendo wa kwanza wa wajukuu ni kumletea bibi madafu baridi au juisi ya ukwaju kutoka friji. Wajukuu waambiwe. Kwa siku kadhaa baada ya kila dozi apewe vinywaji visivyo baridi.

Jambo la kuandikwa kwa herufi kubwa ukutani ni homa. Anayepokea kemotherapi akifikia joto la nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kinga yake huwa imeshuka, na maambukizi madogo huweza kumuua kwa muda mfupi. Kipimajoto kiwepo nyumbani, na asipewe panadol kisha kusubiriwa asubuhi.

Wanaomtembelea watakuja na dawa za majani, na wengi wao huja kwa nia njema. Daktari aelezwe kila kinachonywewa, maana baadhi ya mimea hugongana na dawa za hospitali. Mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani naye azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Gharama

Kosa linalorudiwa ni kudhani kuwa bima ya mtoto aliyeajiriwa inamfunika mzazi. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, anayefunikwa ni mchangiaji, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. Mzazi hujisajili mwenyewe, kwa mfano kwa kupiga *147#. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wa nyumba yake, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, ukilipwa kwa mwaka mzima mapema. Ndugu wengi wanaoulizana “nitume pesa ngapi?” wangeanza hapo: wamlipie mzazi mchango wa mwaka.

Viwango vilivyoanza na SHA viliweka shilingi 400,000 kwa nyumba kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na nyongeza ya 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu na mahututi kiasi cha kwanza kikiisha. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo familia iulize dawati la SHA hospitalini kiasi cha sasa na kiasi kilichobaki kila mzunguko wa dawa unapokamilika. Hapohapo hospitalini pana afisa wa ustawi wa jamii. Watu humwendea wakiwa wamekwisha kuuza ng’ombe; aonwe mwanzoni.

Anayebaki na mzazi

Chukua mfano wa familia ya watoto wanne. Wawili wako mbali na hutuma pesa kwa M-Pesa. Mmoja ana biashara inayombana. Wa nne, mara nyingi binti ambaye hajaolewa au aliyekuwa na kibarua kidogo, ndiye anayelala wodini, anayefua mashuka na anayejua saa za dawa. Baada ya miezi sita hana tena kazi, na wenzake humpigia simu kumuuliza mbona mzee amekonda.

Familia ikae, hata kwa simu ya pamoja, igawane kazi kwa majina: nani analipa nini, nani anampeleka kliniki ya mwezi huu, nani anamshika mkono binti huyo siku moja kila wiki ili alale. Kumlipa anayehudumu si aibu. Aliyeajiriwa ajue kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 humpa angalau siku 21 za kazi za likizo ya mwaka, lakini likizo ya ugonjwa ni ya ugonjwa wake mwenyewe. Siku za kumuuguza mzazi hutegemea mkataba na makubaliano na mwajiri, basi azungumze na mwajiri mapema.

Msaada mwingine upo. Coast Hospice hapa Mombasa hutoa huduma ya tulizo: kupunguza maumivu, kumsikiliza mgonjwa na kuwaandaa wanaomuuguza. Huduma hiyo si ya siku za mwisho pekee, na huweza kuanza siku moja na matibabu. Wengi huogopa morfini ya maji wakidhani itamfanya mzazi mraibu au itamharakishia kifo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu ya saratani, hiyo ni dawa kama nyingine, na mzazi asiye na maumivu hula na hulala. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa anaweza kufika nyumbani na kuiunganisha familia na kituo cha afya. Na mtoto anayejikuta halali, halii wala hasemi anaweza kupiga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, akazungumza na mshauri.

Watoto nao wapimwe

Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani hii ana hatari ya karibu maradufu ya kuipata. Ushauri wa kawaida ni kuanza kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, ule utakaotangulia. Ikiwa mama aligunduliwa akiwa na miaka 48, watoto wake waanze wakiwa na 38. Kijinyama kikionekana wakati wa kolonoskopi huweza kuondolewa papo hapo kabla hakijawa saratani. Mtoto anayemsindikiza mzazi kliniki amuulize daktari huyohuyo, siku hiyohiyo, na umri wa mzazi alipogunduliwa uandikwe kwenye lile daftari kwa ajili ya ndugu wasiokuwepo.