Somo: Bandama ya Mtoto wa SS



Bandama iko upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Inachuja damu na inasaidia mwili kupigana na mikrobe. Kwa mtoto mzima, kwa kawaida mkono hauisikii.

Kwa mtoto wa SS, chembe nyekundu za damu zinapindika kama mundu na zinakuwa ngumu. Siku ingine zinaziba njia ndani ya bandama. Damu inaingia, haitoki. Bandama inavimba kwa saa chache, na mwili unabaki bila damu ya kutosha. Mtoto anaweza kufa siku ile ile. Hatari ni kubwa zaidi toka miezi 6 mpaka miaka 5.

ALAMA ZA HATARI
1. Tumbo limevimba ao linauma upande wa kushoto.
2. Midomo, ulimi na viganja vimekuwa vyeupe.
3. Anapumua mbio, moyo unapiga mbio.
4. Amelegea, hataki kunyonya wala kucheza.

NAMNA YA KUPIMA
Mwombe muuguzi akuonyeshe kwanza. Laza mtoto chali, magoti yakunjwe. Anzia chini ya kitovu, panda polepole na vidole kuelekea mbavu za kushoto, bila kukamua. Ukisikia ukingo mgumu, hesabu: umepita mbavu vidole vingapi? Pima kila siku akiwa mzima, ili ujue kipimo chake. Pima tena kila mara akipata homa.

Kama bandama imekuwa kubwa kuliko jana, na mtoto amekuwa mweupe, usingojee asubuhi. Usimchanje, usimkande tumbo. Kimbia hospitali, useme: «Mtoto ni SS, bandama imevimba.» Munganga ataona kama inafaa kumwongezea damu. Akipona, endelea kupima, kwa sababu inaweza kurudia.

Kule Jamaica, tangu miaka ya 1970 wazazi walifundishwa kupima hivi, na vifo vya bandama vilipungua sana.

Ugonjwa huu si uchawi, wala si kosa la mama peke yake. Baba na mama wote wawili wanaupitisha, hata kama wao hawaugui.

MASWALI
1. Bandama ya mtoto wako inapita mbavu vidole vingapi leo?
2. Ikivimba usiku, nani atakusaidia kumfikisha hospitali? Mpangeni leo, mbele ya hatari.