Dondoo muhimu: Protini unapopunguza uzito

- Piga hesabu kwa kilo zako. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mwenye kilo 70 ale gramu 84 hadi 112.
- Jua vipimo. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichoiva, 30.
- Gawanya kwa milo mitatu, ushibe mchana kutwa.
- Punguza ugali, wali na mafuta. Dagaa na kunde zibaki sahanini.
- Fanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, upungue mafuta, si misuli.
- Una ugonjwa wa figo? Muone daktari kwanza.