Kipya Kinyemi: Somo la Gia Zilizofichwa Ndani ya Habu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii mimi nilikuwa nikiichomeka kwenye insha tu, nipate alama za mapambo ya lugha. Sikujua kwamba siku moja itaingia nyumbani kwetu ikitembea kwa magurudumu mawili.

Mpenzi msomaji, mlezi wa chama chetu ametusihi mara nyingi tusiandike mashairi na vichekesho peke yake. Tujaribu pia kueleza mambo ya sayansi kwa Kiswahili, maanake lugha isiyotumiwa kazini hubaki ya kuimbia tu. Basi nami nimejitosa. Nitakueleza kuhusu baiskeli ya umeme yenye gia zilizofichwa katikati ya gurudumu la nyuma, na sababu zinazoifanya iaminike kwa huyu na imwangushe yule.

Mkasa wenyewe

Baba Mdogo ni mchukuzi wa bidhaa za mawe ya sabuni hapa Tabaka. Hachongi. Yeye huzunguka kwenye maboma ya wachongaji akikusanya sahani, vinara vya mishumaa, vinyago na sataranji zilizokwisha kupigwa msasa, kisha huvipeleka barabarani vikafungwe kwenye masanduku. Kwa miaka mingi alitumia Black Mamba, baiskeli nzito isiyo na gia. Ninyi nyote mnavijua vilima vyetu. Kushuka ni raha, kupanda ni kusukuma kwa kifua.

Mwaka jana alichukua mkopo katika chama cha akiba, Mama Mdogo akawa mdhamini wake, akanunua baiskeli ya umeme iliyokwisha kutumika ng'ambo. Mota yake ilikuwa katikati, penye pedali. Gurudumu la nyuma lilikuwa na habu nene kama kopo la maziwa, na ndani yake gia 3. Jamani, siku ya kwanza alipopanda mlima wa mtoni bila kushuka, watoto walimfuata wakishangilia kama vile gavana amepita!

Raha ile ilidumu miezi minne. Siku moja katikati ya mlima huo huo, akiwa na mzigo wa kilo 60 hivi, pedali zilizunguka bure, tupu kabisa. Baiskeli ikarudi nyuma, ikaanguka. Yeye alichubuka goti, lakini sahani zilizokuwa zikingojewa na mnunuzi zilivunjika karibu zote. Jiwe la sabuni ni laini, msumari waweza kulikwaruza, sembuse kuangukia changarawe! Deni likabaki palepale, na sasa lilikuwa na deni dogo la sahani mgongoni.

Jioni hiyo Babu, mwalimu mstaafu, alikuja na baiskeli yake kumpa pole. Ni Raleigh ya zamani ambayo nayo ina gia 3 ndani ya habu. Aliinunua mwaka 1974 na hadi leo gia zote zinaingia. Hapo ndipo nilipopata swali la makala haya. Iweje habu ya Babu iishi zaidi ya miaka 50, na hii ya Baba Mdogo ife kwa miezi minne? Watu walijibu haraka, eti vitu vya siku hizi ni ovyo. Mimi sikuridhika.

Ndani ya habu kuna nini?

Habu ni kitovu cha gurudumu, pale spoku zote zinapokutana. Habu ya kawaida huwa na ekseli na gololi tu. Lakini mwaka 1902 huko Nottingham, Uingereza, Frank Bowden wa kampuni ya Raleigh aliunda kampuni ya kutengeneza habu yenye gia 3 ndani. Majina ya Henry Sturmey na James Archer ndiyo yaliyopewa habu hiyo, nayo ikajulikana dunia nzima kama Sturmey-Archer.

Mpango wa ndani ni kama anga. Katikati kuna gia moja isiyozunguka, iliyoshikamana na ekseli. Hiyo huitwa jua. Kuizunguka kuna gia ndogo ziitwazo sayari, zilizofungwa katika kizimba kimoja. Nje yake kuna pete kubwa yenye meno kwa ndani. Katika habu moja maarufu ya aina hiyo, iitwayo AW, jua lina meno 20 na pete ina meno 60. Hebu tupige hesabu.

Cheni ikizungusha kizimba, na gurudumu likafuata pete, pete itazunguka mara 1 + 20/60, yaani 1.33 kwa kila mzunguko wa cheni. Hiyo ni gia ya mbio. Tukigeuza mambo, cheni izungushe pete na gurudumu lifuate kizimba, tutapata 60/80, yaani 0.75. Hiyo ni gia ya mlima. Katikati yake cheni na gurudumu huenda sawasawa, 1 kwa 1.

Kinachounganisha sehemu hizo ni ndimi ndogo za chuma, nyingine si kubwa kuliko punje ya haragwe. Kila ulimi husukumwa na springi nyembamba kama unywele ili ukamate meno. Waya kutoka kwenye usukani ndio unaoamua ni ndimi zipi zifanye kazi. Zingatia hapo, msomaji. Nguvu yote ya miguu, ya mota na ya mzigo hupitia katika punje hizo za haragwe.

Hesabu ya mlima

Tuseme Baba Mdogo ana kilo 70, baiskeli na betri yake kilo 25, mzigo kilo 60. Jumla ni kilo 155. Mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 humvuta nyuma kwa nguvu ya 155 × 9.8 × 0.1, yaani nyutoni 152 hivi. Gurudumu lina nusu kipenyo cha mita 0.35. Kwa hiyo nguvu ya mzunguko inayotakiwa kwenye gurudumu ni 152 × 0.35, yaani nyutoni-mita 53.

Sasa habu inapokea ngapi kutoka kwenye cheni? Katika gia ya mlima ni 53 × 0.75, yaani 40. Katika gia ya mbio ni 53 × 1.33, yaani karibu 71. Mlima ni ule ule na mzigo ni ule ule, lakini aliyesahau kubadilisha gia ameilazimisha habu ipokee msukumo mara 1.8 hivi. Na hapo bado hatujahesabu mashimo, wala kule kuondoka ghafla baada ya kusimama, ambako nguvu huruka juu zaidi.

Nilipomwuliza Babu alipandaje mlima ule, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kupanda? Mwanangu, mimi nilikuwa nashuka na kusukuma! Nilibeba vitabu vya wanafunzi, si machimbo ya mawe."

Kumbe! Habu ya Babu haikuwahi kupanda mlima huo ikiwa kazini. Tena miguu ya binadamu huchoka na kuonya. Mtu wa kawaida akiendesha kwa muda mrefu hutoa wati 100 hivi. Mota ya baiskeli za Ulaya huandikwa wati 250, nayo haioni haya wala haichoki. Inapokaa penye pedali, nguvu yake hupita kwenye cheni pamoja na ya miguu, zote mbili zikiingia kwa zile ndimi. Habu yaweza kuwa nzima kabisa, ila imepewa kazi ya wawili.

Tulichokiona tulipoifungua

Jumamosi moja tulikwenda kwa fundi wa jua kali, tukatandaza gunia na kuifungua habu polepole, nikichora kila kitu kinapotoka. Tuliona mambo matatu.

Kwanza, ndimi mbili zilikuwa zimekuwa duara pembeni kama sabuni iliyotumika. Hii ni dalili ya kubadilisha gia huku nguvu ikiendelea kusukuma. Kwenye baiskeli ya Babu unaacha kukanyaga kidogo, gia inaingia, unaendelea. Lakini mota nyingi za katikati huendelea kusukuma kitambo kidogo baada ya miguu kusimama. Baba Mdogo alidhani ameipumzisha habu, kumbe mota ilikuwa bado inang'ang'ana.

Pili, mafuta yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Maji yaliingia. Habu iliyofungwa huzuia matope yetu vizuri kuliko gia za nje, hiyo ni sifa yake ya kweli. Lakini yeye alikuwa akiiosha kwa mashine ya kuoshea magari. Maji yenye shinikizo hupita penye mipira ya kuzuia uchafu, na yakiingia hayatoki. Mafuta nayo hayakuwa yamebadilishwa hata mara moja. Watengenezaji wa Rohloff ya Ujerumani, habu ya gia 14, hutaka mafuta yabadilishwe kila kilomita 5,000 au angalau mara moja kwa mwaka. Siyo ya kusahau.

Tatu, waya ulikuwa umelegea. Katika habu nyingi za zamani za gia 3 pana mahali patupu kati ya gia ya pili na ya tatu. Waya usipokazwa sawasawa, habu hukaa pale katikati na pedali huzunguka bila kushika. Huenda mambo yalianzia hapo: waya ukalegea, gia ikaanza kuteleza, ndimi zikalika, mwishowe zikaachia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mota yaweza kukaa wapi?

Hapa wengi huchanganya mambo, kwa hiyo niyatenganishe. Mota ikikaa penye pedali, nguvu yake hupita kwenye gia za nyuma. Inafaa milima, lakini gia ziwe zimetengenezwa kustahimili. Shimano ya Japani, kwa mfano, imetoa habu ya gia 5 iliyokusudiwa baiskeli za umeme hasa.

Mota ikikaa kwenye gurudumu la mbele, habu ya nyuma hupata nguvu ya miguu tu. Inapumua. Ila gurudumu la mbele huteleza kwenye changarawe, hasa mzigo ukiwa nyuma, na uma wa mbele lazima uwe imara.

Mota ikikaa kwenye gurudumu la nyuma, mara nyingi ndani yake nako mna gia za sayari, lakini hizo si za kubadilisha. Kazi yake ni kupunguza mbio za mota na kuongeza nguvu. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "habu yangu ina gia", mwulize ni zipi.

Pikipiki nyingi za umeme hazina gia za kubadilisha kabisa, kwa kuwa mota ya umeme hutoa nguvu kubwa tangu inapoanza kuzunguka. Kinachokosekana hakiharibiki.

Uamuzi wa Baba Mdogo

Ndimi mpya hazikupatikana Kisii mjini. Ziliagizwa mbali, zikachukua majuma sita. Majuma sita ya kusukuma Black Mamba huku mkopo ukihesabiwa! Mama Mdogo aliuza kuku wake wote kulipa fungu la mwezi mmoja. Hakulalamika, lakini sisi watoto tuliona banda limenyamaza.

Sehemu zilipofika, fundi alizifunga na habu ikafanya kazi. Hata hivyo Baba Mdogo alitushangaza. Aliitoa gurudumu zima, akaweka gurudumu la gia za nje, zile ambazo cheni huruka kutoka sproketi moja hadi nyingine. "Hizi zitachafuka na zitalika upesi," alisema, "lakini nikizivunja asubuhi, mchana nimezipata sokoni. Ile nyingine ni nzuri, ila daktari wake anakaa mbali."

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo. Mimi nilikuwa nimetafuta jibu ndani ya chuma peke yake. Yeye aliniongezea kwamba kifaa cha kuaminika si kile kisichoharibika, kwani hakipo. Ni kile ambacho kazi yake inalingana na nguvu zake, na kikiharibika mwenyewe hatauza kuku akingojea. Kwa Babu na vitabu vyake, habu ya ndani ni rafiki wa maisha. Kwa mwalimu au mwuguzi anayekwenda kazini kwenye barabara ya wastani, bado ningeisifu. Kwa mawe ya Tabaka, hapana, labda siku mafundi wetu watakapokuwa na vipuri na ujuzi wake.

Mkopo umebaki mafungu mawili. Habu yenyewe Baba Mdogo aliipa shule yetu. Imefungwa kwenye ubao katika maabara, upande mmoja wazi, ili kila mmoja aone jua, sayari na pete. Zungusha polepole uone. Ndimi zile zilizolika ziko kwenye kichupa pembeni. Tafadhali usizichukue.

Zoezi

1. Jua likiwa na meno 24 na pete meno 72, tafuta uwiano wa gia ya mbio na wa gia ya mlima. Je, umebadilika? Kwa nini?

2. Baba Mdogo akipunguza mzigo kutoka kilo 60 hadi kilo 30, habu itapokea nyutoni-mita ngapi katika gia ya mlima?

3. Jirani yako anataka kununua baiskeli ya umeme. Mwandikie maswali manne atakayomwuliza mwuzaji kabla hajatoa pesa. Tumia Kiswahili ambacho fundi wa sokoni ataelewa.