Kabla Hujaacha Dawa kwa Ajili ya Kikombe

Mwaka 2011, barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, ilijaa foleni ya magari ya kilomita nyingi. Watu walilala humo siku kadhaa wakimsubiri mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kwa jina la Babu, wanywe kikombe kimoja cha mizizi ya mugariga iliyochemshwa. Bei shilingi 500. Kisukari, saratani, UKIMWI: vyote, ilisemwa, vingeisha kwa kikombe hicho. Baadhi ya wagonjwa walifia kwenye foleni. Wengine waliacha ARV, dawa za VVU.

Hatuwalaumu waliokwenda, mwenye kuuguza hushika hata jani. Lakini kila nyumba ijue kwamba kumwona mtu mmoja aliyepona hakutoshi kuwa ushahidi. Aliyepata nafuu husimulia sokoni na kwenye daladala. Aliyezidiwa yuko kitandani, na aliyefariki hasimulii. Tena maradhi mengine huondoka yenyewe: mtoto wa mafua aliyepewa tangawizi siku ya tatu, akachangamka siku ya tano, huenda angechangamka hata bila tangawizi. Na mwenye VVU anaweza kujiona mzima miaka kadhaa huku virusi vinaongezeka damuni. Hapo mwili haumwambii kitu. Kipimo ndicho kinachosema.

Ndiyo maana watafiti hugawa wagonjwa kwa kura, hawa dawa mpya, wale ya kawaida, kisha huwahesabu wote, hata waliokufa. Hesabu hiyo haipendelei hospitali. Klorokwini, dawa ya malaria, tuliizoea majumbani miaka mingi. Vimelea vya malaria vilipokuwa sugu na wagonjwa wengi wakawa hawaponi, Tanzania iliiacha mwaka 2001. Wala hesabu hiyo haidharau miti shamba. Dawa mseto ya malaria ina kiungo kitokanacho na artemisinini, ambayo mtafiti Tu Youyou wa China na wenzake waliitoa kwenye mmea wa Kichina miaka ya 1970, wakaipima kwa wagonjwa. Mwaka 2015 Tu alipata Tuzo ya Nobel.

Ukiletewa chupa, au ujumbe wa simu unaosifu chupa, uliza: waliokunywa walikuwa wangapi? Wasiopona wako wapi? Nani aliwapima kabla na baada, au muuzaji ndiye aliyehesabu?

Na kama umeshakunywa, usimfiche mhudumu wa afya. Mpelekee chupa yenyewe aione, na usiache hata kidonge kimoja cha sukari, presha au ARV mpaka upimwe na yeye akwambie.