Mchezo wa Kompyuta Ukikwamakwama, Kadi Isiwe Mshukiwa wa Kwanza

Vijana wengi huchezea kompyuta zilizotumika ng'ambo kisha zikauzwa humu nchini kwa bei nafuu. Lalamiko lao ni moja: pembeni mwa skrini mchezo unaonyesha fremu 60 kwa sekunde, lakini gari linakwenda kwa mishtuko. Wenzao huwashauri wanunue kadi mpya ya michoro. Kadi hiyo inaweza kugharimu kuliko kompyuta yenyewe, na huenda mishtuko ikabaki palepale.

Ile 60 ni wastani tu. Fremu 59 zikichukua milisekunde 15 kila moja, na ya mwisho ikachukua milisekunde 115, jumla ni sekunde moja kamili. Kipimo kitaandika 60, ilhali jicho limeona picha ikisimama kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hivyo kinachofaa kupimwa ni muda wa kila fremu. Programu ya CapFrameX, au MSI Afterburner ikitumiwa pamoja na RivaTuner, huchora muda huo kama mstari, na zote hupatikana bila malipo. Mstari ulionyooka ni afya. Wenye miiba una kasoro.

Hatua inayofuata ni kuangalia kompyuta inafanya nini mwiba unapotokea. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. GPU ikikaribia asilimia 99 muda wote, kadi ndiyo imelemewa. Hata hapo, jaribu kwanza kupunguza vivuli na ukubwa wa picha. GPU ikiwa nusu tu, mtazame prosesa, na hapa wengi hupotoka. Prosesa yenye viini vinane inaweza kuonyesha asilimia 13 huku kiini kimoja kikiwa kimejaa kabisa, na mchezo unakisubiri hicho kimoja.

RAM nayo ikijaa, Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, mchezo husimama waziwazi. Kufunga kivinjari chenye kurasa 20 hakugharimu hata shilingi. Kompyuta isiyo na kadi ya pekee huumia zaidi ikiwa na kipande kimoja cha RAM. Vipande viwili vinavyolingana huipa njia mbili za kupitisha data.

Wakati nao hutoa ushahidi. Mchezo ukienda vizuri dakika kumi kisha ukaanza kuchechemea, shuku joto na vumbi kwenye feni. Ukikwama mara ya kwanza tu unapofika mahali papya, huenda unatayarisha michoro yake. Rudia njia hiyo hiyo uone. Kipakatalishi kisichochomekwa umeme hupunguza nguvu zake. Na mstari ukinyooka lakini wapinzani wanarukaruka, tatizo liko kwenye intaneti.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha upime tena mahali pale pale. Ikiwa kompyuta haifikii 60 kwa vyovyote, weka kikomo cha 30. Kwenye skrini ya Hz 60, kila fremu itaonyeshwa mara mbili kamili, na picha hutulia kuliko inapoyumba kati ya 38 na 57.